Niko Doha tangu Mei, lakini maisha yangu yote yamebaki Nkuhungu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi AC, nina miaka 29. Nyumbani ni Mvumi ila makazi yangu ni Nkuhungu hapo Dodoma mjini, ambako nimemwacha mke wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka mitatu. Nilisoma VETA, nikawa naokoteza kazi mjini: leo unafunga AC mbili kwenye nyumba ya wageni, halafu unasubiri simu wiki nzima. Wakala mmoja wa Dar akanipatia mkataba wa miaka miwili na kampuni ya matengenezo ya majengo huku Doha, Qatar. Hela ya safari nilikopeshwa na shemeji, kaka wa mke wangu. Nilifika mwishoni mwa Mei.

Shangazi, nilidhani joto nalijua. Nimechunga ng'ombe Mvumi jua la Novemba likiwa utosini, na siku ya kuniaga niliwaambia wenzangu kwamba Mgogo haogopi jua. Huku nimekuta kitu kingine kabisa. Dodoma jua likizama unapumua, usiku unavuta shuka. Huku hata usiku wa manane ukishika ukuta wa nje una moto, na tangu Agosti hewa imejaa maji, shati linalowa kabla hujaifikia gari. Kazi yetu iko juu ya mapaa, maana mashine ndiko zilikofungwa. Saa za mchana tunapumzishwa, hilo nashukuru, lakini tunaanza kazi saa 10 alfajiri. Kichwa kinaniuma karibu kila siku, na usiku misuli ya miguu inakakamaa mpaka naamka.

Chumbani tuko watano: Wanepali wawili, Mhindi wa Kerala, Mganda na mimi. Ni watu wema. Wanepali hupika wali na dengu kila jioni katika jiko la pamoja, wamenikaribisha mara nyingi, nami nala vijiko viwili vitatu kwa adabu tu. Chakula changu ni mkate, mayai na soda. Nimepungua, suruali nilizokuja nazo nazifunga kamba.

Mshahara wangu ni riyali 1,300, halafu kuna 300 za chakula. Chumba ni cha kampuni. Kila mwezi natuma nyumbani riyali 1,400. Kuna deni la shemeji, kuna kodi ya nyumba, na tumeshanyanyua boma kwenye kiwanja chetu. Halafu mtaa mzima unajua niko Uarabuni. Nimo kwenye kundi la ukoo, la kwaya, la harusi ya binamu, la msiba wa jirani, na kote huko jina langu liko kwenye orodha ya michango. Saa ya huku na ya Dodoma ni moja, kwa hiyo simu haipoi. Fundi akiwa kwenye boma mke wangu ananipigia niamue aina ya bati. Mtoto akigoma kula napigiwa nimkaripie. Nalala saa 6 usiku, na saa 9 na nusu naamka kwenda kazini.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika, nayo naimalizia kitandani na simu. Mganda huniita twende mjini, nakataa, nasema nabana matumizi. Jumapili niko kazini. Kwaya wakituma picha wakiwa na sare zao naizima simu, maana machozi yanakuwa karibu.

Jambo jingine: siku niliyofika, msimamizi wa kambi alikusanya pasipoti zetu, akasema ni kwa usalama. Ninacho kitambulisho cha ukaazi tu.

Nawaza kuvunja mkataba. Mke wangu hajui, kwa sababu nikimwambia nimechoka atamwambia kaka yake, na deni bado. Walionitangulia huku wananiambia "utazoea". Mbona sizoei? Nivumilie au nirudi?

Fundi wa Nkuhungu, Doha

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na mbukwa.

Nianze na mwili wako, kwa sababu ukianguka juu ya paa hayo mengine yote hayatakuwa na maana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni kavu. Jasho likitoka linakauka papo hapo, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Doha iko ukingoni mwa Ghuba, na mwezi wa Agosti na Septemba bahari ile yenye maji ya vuguvugu inaijaza hewa unyevu. Jasho linamwagika lakini halikauki, kwa hiyo halikupozi. Mchunga ng'ombe wa Mvumi na mtu wa Ulaya wote wanaanza sawa mbele ya hali hiyo. Usijione dhaifu.

Kichwa kuuma kila siku na miguu kukakamaa usiku ni dalili za mtu aliyepungukiwa maji na chumvi. Kunywa maji kidogo kidogo tangu unapoamka, usisubiri kiu, na angalia mkojo wako: ukiwa wa rangi nzito, hujanywa ya kutosha. Siku za kazi nzito ongeza zile pakiti za chumvi na sukari tunazowapa watoto wanaoharisha, zinauzwa madukani huko pia. Soda ya usiku iache. Ukiona wewe au mwenzako juu ya paa anatapika, anaongea maneno yasiyoeleweka, au ngozi imekuwa ya moto na kavu, shukeni kivulini, mmwagie maji, muite msaada wa haraka. Hiyo inaua. Na kichwa hicho usikinyamazie: Hilali Nyekundu ya Qatar ina vituo vya afya kwa ajili ya wafanyakazi wa kiume kama wewe. Nenda upimwe.

Kuhusu saa za kazi, ni vizuri ujue haki yako yote. Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu 1 Juni hadi 15 Septemba. Hilo mnatimiziwa. Lakini lipo na la pili: kipo kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, na kikipita nyuzi 32.1 kazi ya nje inatakiwa isimame saa yoyote. Kwa hiyo tarehe 15 Septemba ikipita na unyevu bado upo, bado una haki ya kuuliza kipimo kinasoma ngapi.

Sasa tumbo. Sheria ya kima cha chini ya Qatar, iliyoanza kutumika Machi 2021, inasema mshahara usipungue riyali 1,000, na mwajiri asipokulisha akupe angalau 300 za chakula. Umeona zilivyotengwa? Wao wenyewe wamekiri kwamba mtu hawezi kufanya kazi pale bila hela hiyo kuingia tumboni mwake. Wewe unapokea 1,600 na unatuma 1,400, maana yake unatuma nyumbani mpaka chakula chako. Sikusifii kwa hilo, mwanangu. Mke wako angejua kwamba bati za Nkuhungu zinanunuliwa kwa suruali iliyofungwa kamba, nadhani angekataa kuzipokea.

Na chakula cha kwenu kipo huko, sijui kama umeshakitafuta. Muulize huyo Mhindi wa chumbani akupeleke kwenye duka la Wahindi, utafute unga unaoandikwa bajra. Huo ni uwele, uwele uleule wa Mvumi. Ule unaoandikwa jowar ni wa mtama. Kisha ingia duka la Waarabu, upande wa majokofu, uulize molokhia. Ni majani ya jamii ya mlenda, Wamisri wanayapenda sana, yanauzwa yamekatwakatwa na kugandishwa kwenye pakiti, na yakiiva yanavutika vilevile. Bamia zipo kila mahali. Una jiko la pamoja na una jioni. Songa ugali wa uwele, pika mlenda, na hao Wanepali wapakulie. Wamekukaribisha mara nyingi na hujawahi kuwakaribisha. Mtu akila chako naye anakuwa wako, na utashangaa chumba kitakavyobadilika ukishakuwa na siku yako ya zamu jikoni.

Nije kwenye jambo lililonisumbua zaidi katika barua yako. Umeandika mengi kuhusu boma, harusi, msiba, kwaya, mtoto aliyegoma kula, na kuhusu Doha umeandika joto tu. Tangu Mei hujaniambia jina la mtaa mmoja, wala la mtu mmoja. Unaamka Doha, unafanya kazi Doha, halafu ukirudi chumbani unafungua simu na kurudi Nkuhungu mpaka saa 6 usiku. Mtu aliyekwenda Kanada anasaidiwa na saa: wao wakiamka sisi tunaelekea jioni, kwa hiyo nyumbani wanalazimika kumwacha. Wewe huna ukuta huo. Usipoujenga mwenyewe, simu hiyo itakula usingizi wako, na fundi anayepanda mapaani baada ya kulala saa tatu na nusu ni fundi aliye hatarini.

Kwa hiyo sikubaliani na hao wanaokuambia utazoea. Wapo watu wanamaliza miaka miwili Uarabuni hawajazoea chochote, wanarudi wakiwa wamelala Ijumaa zote na hawana hata kimoja cha kusimulia. Mtu hazoei mahali ambapo hajaanza kuishi.

Fanya hivi. Mke wako mchagulie saa moja ya kila siku, mapema jioni baada ya chakula, nusu saa ya kwenu wawili na mtoto. Hiyo iheshimu kuliko kitu chochote. Saa 3 usiku zima simu ulale. Makundi yote ya WhatsApp yanyamazishe, na la harusi ya binamu toka kabisa baada ya kutoa mchango mmoja ulioupanga wewe. Watu watanuna, na wataendelea kukusalimia. Michango ya mtaani ipitie kwa mke wako, na mpange pamoja kiasi ambacho hakitavukwa kwa mwezi, kiishe kisiishe.

Boma mwachie yeye. Naliandika hili nikiwa nimekutana na wanawake wengi hapa Dodoma wenye waume walio mbali. Anayesimama mbele ya fundi ni yeye, anayeona tofali limekaa vibaya ni yeye, halafu anatakiwa kupiga simu Qatar ili mtu anayetazama picha aamue bati. Anakupigia kwa sababu anadhani utaona umedharauliwa asipokuuliza. Mwambie waziwazi: "Mama, amua, nakuamini." Utakuwa umempa heshima kubwa, na wewe umepata usingizi. Hata la mtoto kugoma kula, mkaripiaji wa mbali hasaidii. Mtoto wa miaka mitatu akisikia sauti ya baba, isiwe ya kumkaripia. Mwimbie, msimulie ulichokiona leo. Lakini ili umsimulie ni lazima uwe umekiona.

Ndiyo maana ya Ijumaa. Metro ya Doha ni riyali 2 kwa safari, na ukilipa 6 unazunguka siku nzima. Usiseme huna. Umesema uko kwaya, na mtu wa Mvumi nadhania ni Anglikana. Kama sivyo, neno langu halibadiliki sana. Eneo la Mesaimeer, Doha, serikali yao ilitenga uwanja wa makanisa. Yapo ya Wakatoliki, ya Waorthodoksi, na kipo kituo cha Waanglikana ambacho makundi ya Wakristo wa mataifa mengi husalia humo. Kwa kuwa wiki yao inapumzika Ijumaa, ibada nyingi ni Ijumaa hiyohiyo. Beba kitambulisho chako, maana getini kuna ukaguzi. Umekuwa ukiililia Jumapili wakati siku ya ibada unaipitisha kitandani. Mtu mwenye sauti ya kwaya akiingia kanisa la ugenini hakai mgeni muda mrefu; muulize kiongozi wao mazoezi ni lini.

Siku nyingine mfuate Mganda. Tokeni baada ya Magharibi, jua likiwa limezama, tembeeni kando ya bahari pale Corniche, ingieni soko la Souq Waqif mnunue hata chai tu. Vaa suruali ndefu, usiwapige picha akina mama, na Ramadhani ikifika usile wala kunywa hadharani mchana. Mwezi huo hata saa za kazi zinapungua, kutoka 48 za wiki hadi 36. Jifunze salamu za Kiarabu, na maneno machache ya Kihindi ya kazini, mafundi wengi wa huko wanaelewana kwa hayo.

Kuhusu hela, napendekeza ubaki na riyali 500: hizo 300 za chakula, 100 za usafiri, simu, sabuni na dawa, na 100 uziweke kando kama akiba ya tiketi ambayo hakuna harusi wala bati itakayoigusa. Nyumbani tuma 1,100. Shemeji mwenyewe umpigie, umwambie deni litachelewa kidogo na utaje tarehe ya kumaliza. Mkopeshaji akipigiwa simu kabla hajauliza, moyo wake hutulia. Tena ahidi kwa riyali, usiahidi kwa shilingi. Riyali ya Qatar imefungwa kwenye dola, 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi yetu ikiyumba, kinachofika Nkuhungu kinabadilika bila wewe kukosea.

Pasipoti, hilo ni la wiki hii. Sheria ya Qatar haimruhusu mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi baada ya kumaliza taratibu za ukaazi, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe awe ameomba kwa maandishi itunzwe, na hata hapo akiitaka apewe. Chunguza kwanza kama kuna karatasi uliyosaini siku ya kufika bila kuisoma. Kisha andika ombi fupi la heshima, liwe na tarehe, lipige picha kabla hujalikabidhi. Usigombane na msimamizi wa kambi, huenda na yeye anafuata alichoagizwa. Wakikataa, Wizara ya Kazi ya huko inapokea malalamiko ya wafanyakazi, na Tanzania ina ubalozi hapohapo Doha. Hata wakikupa, nenda ubalozini ujiandikishe. Picha ya mkataba, ya kitambulisho na ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti mtumie mke wako azihifadhi.

Na mwambie ukweli. Umechoka, unaumwa kichwa, umefikiria kurudi: mwambie yeye kwanza, na umwombe ya ndani yabaki ndani. Umeamua kwa niaba yake kwamba atakimbilia kwa kaka yake. Mpe nafasi ya kuonyesha vinginevyo.

Umeniuliza uvumilie au urudi. Usiamue Septemba. Huu ndio mwezi mbaya wa kuamua jambo lolote Doha, unyevu umekomaa na wewe hujalala. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hewa inaanza kubadilika, na Desemba na Januari usiku utatafuta sweta kama sisi huku Juni na Julai. Lala, kula, nenda kanisani, pokea pasipoti yako, halafu mwisho wa Januari mkae kwenye simu wewe na mke wako mpime.

Ikiwa shida itakuwa ni kampuni, fahamu kwamba tangu 2020 huhitaji kibali cha mwajiri kuhamia kwa mwajiri mwingine huko Qatar. Kwa aliyefanya kazi chini ya miaka miwili au miwili kamili, ni taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, ila kama mkataba una kipindi cha majaribio usome vizuri, kuna masharti yake. Fundi AC katika nchi ile hakosi pa kwenda. Ikiwa ni kurudi, soma kwanza mkataba unasemaje kuhusu tiketi na kuvunja kabla ya muda, uliza ubalozini, toa taarifa, uondoke kwa utaratibu. Kutoroka kazini kutakufungia njia hata ya kurudi siku nyingine.

Na ukirudi, hutarudi kwenye kuokoteza kama zamani. Ofisi zinaendelea kujengwa Mtumba na Ihumwa, hoteli zinaongezeka, na mitambo mikubwa ya kupoza majengo inahitaji watu walioishika kwa mikono yao. Kwa hiyo kwa muda utakaobaki huko, jifunze hiyo mikubwa, omba vyeti vya kila mafunzo wanayokupa, na andika kwenye daftari kila mtambo ulioufungua na ulivyouponya.